Viatu Vipya na Miguu ya Zamani

Wasomaji wetu wa mine, ninyi munaijua siku ile magazini inapogawa boti mupya. Asubuhi kila mutu anafurahi: ngozi inang'aa, harufu bado ya dukani, kamba hakuna hata moja iliyokatika. Lakini mangaribi, ekipe ikitoka kazini, utasema ni bata wanaenda mutoni. Huyu anakanyagia ncha ya vidole, yule anaburuta muguu wa kushoto, mwengine amevua kabisa na kutundika boti shingoni, kamba kwa kamba. Watoto wa kambi hawaulizi kitu. Wanajua: leo kumetoka boti.

Leo tunataka kuzungumza juu ya viatu vipya, na zaidi vile vya watu wanaokimbia mbio ndefu. Pengine mutu atauliza: "Mbio ni mambo gani kwangu mimi, niko poste ya usiku?" Ni mambo yako, bwana, juu mukimbiaji na mutu wa mine wanatumia chombo kimoja, njo muguu. Na muguu uko na tabia yake: hauzoei mugeni haraka. Kiatu kipya ni mugeni. Ukimulazimisha mugeni alale katika kitanda cha mwenye nyumba siku ya kwanza, usiku kutakuwa makelele.

Askari aliyeacha viatu vyake

Mwaka 1960, mwaka ule ule wa uhuru wetu, michezo ya Olimpiki ilifanyika Roma, inchi ya Italia. Etiopia ilipeleka askari mumoja wa walinzi wa Kaisari Haile Selassie. Jina lake Abebe Bikila, umri wake miaka 28. Mwalimu wake alikuwa Onni Niskanen, muzungu wa Uswidi. Nje ya kwao, watu wachache sana walikuwa wanamujua Abebe.

Alipofika Roma akanunua viatu vipya vya mbio. Mutu akienda kuchezea inchi yake mbele ya dunia nzima, anataka kuvaa vizuri. Lakini viatu havikutaka kupatana na yeye. Vilimufinya, vikamutolea malengelenge, zile mapovu ya maji ambayo kila mutu wa mine anayajua. Na njia iliyomungojea ilikuwa ya maratoni: kilometa 42 na metre 195. Lengelenge ambalo ni kitu cha kuchekesha nyumbani, kwa kilometa ya 30 linakuwa kisu.

Abebe akaamua: atakimbia pekupeku.

Tarehe 10 septemba, jioni, wakimbiaji wakaondoka. Waliwekwa saa ile juu ya kukimbia joto la muchana. Giza ikawakuta njiani, na katika barabara ya zamani ya Appia, ile yenye mawe makubwa ya wakati wa Waroma, maaskari walisimama pembeni na mienge ya moto kuwamulikia. Mbele walibaki watu wawili tu: Abebe, na Rhadi Ben Abdesselam wa Maroko. Bega kwa bega, mumoja na viatu, mwengine na ngozi aliyopewa na mama yake.

Karibu na mwisho wakapita penye jiwe refu la Aksum, ambalo Waitalia walilitoa Etiopia mwaka 1937 na kulisimamisha kwao. Huko njo Abebe aliongeza mwendo. Rhadi hakumufikia tena. Abebe akamaliza chini ya lango la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mbele yake hakuna mutu aliyekuwa amekimbia maratoni kwa haraka ile. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya zahabu ya Olimpiki.

Na viatu vyake vipya? Vilibaki. Tunafikiri hakuna viatu duniani vilivyokosa bahati sawa vile: vilinunuliwa kwa kwenda Olimpiki, vikafika mupaka Roma, na siku ya shindano vikakosa nafasi.

Somo lililosomwa kichwa chini

Baada ya ile siku, watu wengi walishika somo lisilokuwa lake. Wakasema: Mwafrika hahitaji viatu, alizaliwa pekupeku, muache vile. Hadisi hii inapendeza kusimulia, lakini ni hatari, zaidi kwetu sisi watu wa kazi. Leo ni mukimbiaji hahitaji viatu. Kesho ni muchimbaji hahitaji boti.

Tuangalie mambo mawili.

La kwanza: miguu ya Abebe ilikuwa imezoea. Alikuwa amekwisha kufanya mazoezi pekupeku. Ngozi ya chini ya miguu yake ilikuwa imejifunza kazi ile. Mutu aliyevaa viatu toka utoto, kama akisoma habari hii leo na kesho asubuhi akaingia barabarani pekupeku, mbele ya kumaliza kilometa mbili atatafuta mutu wa kumubeba. Pekupeku nayo ni sawa kiatu: inataka kuzoewa.

La pili, miaka ine nyuma yake, tarehe 21 oktoba 1964, Abebe alirudi katika maratoni ya Olimpiki, sasa Tokyo, inchi ya Japani. Wiki chache mbele alikuwa amepasuliwa tumbo, munganga akamutoa kidole-tumbo kilichougua. Watu walifikiri hataweza. Abebe akasimama kwenye musitari na viatu vyake miguuni, na sosete. Akashinda tena. Saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Hesabu mwenyewe: ni dakika 3 na kidogo chini ya mwendo wa Roma. Alipofika ndani ya uwanja hakuanguka chini sawa wengine. Alianza kujinyoosha pale majani, watu wanamuangalia, na mwenye kufuata alimaliza zaidi ya dakika 4 nyuma yake. Ni yeye mutu wa kwanza kushinda maratoni ya Olimpiki mara mbili.

Kwa hiyo Abebe hakuwa adui wa viatu. Alikataa paka viatu vilivyokuwa havimujui. Tofauti ni kubwa.

Wiki tatu na viatu vya rangi ya machungwa

Sisi tunaoandika mistari hii tunakimbia pia. Hatutafuti medali, tunatafuta kupunguza tumbo. Viatu vyetu vya zamani vilikuwa vimelika chini mupaka vikawa laini sawa bukari. Basi ndugu yetu mudogo aliye Ulaya akatutumia vipya. Tukafungua karatoni: rangi ya machungwa, ile ya kuonekana toka mbali, sawa jile ya wale wanaotengeneza barabara. Chini yake mpira munene, mbele na nyuma karibu sawasawa, unabonyea na kurudisha muguu juu.

Tulitaka kufuata sheria ya wakimbiaji: kiatu kipya usikikimbilie, kwanza ukae nacho. Wiki ya kwanza ni ya kutembea tu, nyumbani na karibu ya nyumbani. Wiki ya pili, kilometa mbili, siku moja vipya, siku moja vya zamani. Wiki ya tatu, kilometa tano. Sheria ni nzuri sana kwa miguu. Lakini kwa heshima ya mutu katika cité, haina huruma.

Siku ya kwanza tuliingia jikoni. Mama watoto akatuangalia juu mupaka chini.

"Baba, umekuwa murefu, ao nyumba njo imeanguka?"

Kwenye simenti viatu vikaanza kulia: fwii, fwii, fwii. Mutoto wetu wa mwisho akaingia chini ya kitanda kutafuta kifaranga. Alikitafuta siku mbili.

Siku ya tatu tulikwenda nazo soko ya Kenya kununua sombe. Mama muuzaji, ambaye siku zote tunapatana na yeye bila maneno, hakuangalia uso wetu. Aliangalia chini. Kiisha akataja bei tusiyoijua.

"Lakini mama, jana haikuwa vile!"

"Papa, mutu wa viatu sawa hivi anaweza kukosa falanga?"

Tulilipa. Kumbe mugeni aliye miguuni alikuwa amekwisha kuanza kula katika mfuko wetu.

Wiki ya pili, mbio zenyewe. Kijana mumoja aliyekaa mbele ya duka la kuuza unite za simu akapiga kelele: "Vié, nani eko nakufukuza?" Hiyo tuliisamehe. Lakini asubuhi ya kufuata, muzee jirani, mutu wa busara, mustaafu wa mine, alitushika mukono na kutuvuta pembeni ya kipango chake. Akasema polepole, watu wasisikie:

"Mwanangu, kama ni deni, tuambie. Tutakaa chini, tutazungumza. Kukimbia hivi saa kumi na moja ya asubuhi, na viatu vya kuonekana ndani ya giza, watakukamata tu."

Tulimushukuru, tukaendelea.

Maumivu yalifika siku ya nne ya mbio, na hayakufika pale tulipoyangojea. Tulikuwa tunachunga vidole, tunachunga kisigino. Yakashika shavu la muguu, nyuma, chini ya goti. Tuwaeleze sababu, juu inafaa kila mutu kuijua. Viatu vya zamani vilikuwa na kisigino cha juu, cha milimeta 10 na zaidi kupita mbele. Hivi vipya nyuma na mbele ni karibu sawa. Kwa macho hiyo tofauti ni kitu cha bure. Lakini kisigino kikishuka, mushipa mukubwa wa nyuma na nyama ya shavu la muguu vinavutwa zaidi kwa kila hatua. Na mutu akikimbia kilometa 10, kila muguu unapiga chini karibu mara 5.000. Kitu kidogo ukikirudia mara 5.000, hakiko kidogo tena.

Matokeo yake: siku mbili tulishindwa kushuka ngazi sawa watu wengine. Kupanda, vizuri. Kushuka kwa mbele, hapana. Tukagundua njia: kushuka kinyumanyuma, mukono kwenye chuma. Njo vile siku ile kazini tulimupokea mukubwa mumoja aliyekuwa anapanda kututembelea: tulimusalimia kwa mugongo. Alijibu salamu. Ni mutu mwenye adabu.

Tukapumzisha miguu, tukarudi kwa kilometa moja, kiisha moja na nusu, kiisha mbili. Maumivu yakachoka mbele yetu. Wiki ya tatu ilipoisha, vumbi nyekundu ya Katanga ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake: rangi ya machungwa ikapotea, viatu vikawa na rangi ya njia. Vikanyamaza kulia kwenye simenti. Mama wa sombe akarudi kutuangalia usoni, na bei ikashuka. Viatu vikawa watu wa kwetu.

Hata bingwa, siku moja

Mutu asifikirie kwamba mambo haya ni ya wanaokimbia polepole sawa sisi. Tarehe 27 septemba 2015, huko Berlin, inchi ya Ujerumani, Eliud Kipchoge wa Kenya, tunasema Kenya inchi, si Kenya ya soko, alikuwa anakimbia maratoni na viatu vya namna mupya. Alikuwa amekwisha kuvijaribu katika mazoezi kwao. Lakini siku yenyewe, vile vitambaa vya ndani ambavyo muguu unakanyagia vikabanduka na kuanza kutoka nje kwa nyuma, kushoto na kuume. Dunia nzima ikamuona kwenye televizyo: mutu anakimbia mbele ya wote, na nyuma ya visigino vyake vitambaa vinapigapiga sawa masikio ya mbuzi.

Kusimama, alikataa. Kusimama ni kuacha wengine wapite. Alikimbia vile mupaka mwisho, miguu ikachubuka, malengelenge na damu. Akashinda kwa saa 2 na dakika 4, mwendo wake wa haraka kupita yote aliyokuwa amekimbia mupaka siku ile.

Tunamupigia makofi. Lakini tuangalie vizuri: yeye alikuwa na saa mbili tu za kuvumilia, na mwisho wake munganga, maji safi na kitanda. Mutu wa mine akivumilia boti mbaya, anavumilia masaa nane, kesho tena nane, kesho kutwa tena. Hakuna musitari wa mwisho.

Na boti ya kazi?

Huku njo tulikuwa tunataka kufika. Abebe aliweza kuvua viatu, juu barabara ya Roma haikuwa na jiwe la kumuangukia kwenye vidole. Chini ya mine, ao penye chuma, asidi na magari makubwa, hakuna njia ya Abebe. Boti inayouma inamusukuma mutu kuivua, ao kuilegeza kamba, ao kuivaa kwa kukanyaga kisigino sawa sapatu. Siku ile njo ajali inamukuta. Watu wanasema alikosa akili. Pengine alikosa paka namba yake ya boti.

Basi yale ambayo wakimbiaji wamejifunza kwa kuchechemea, tuyachukue bure.

Jaribu boti mangaribi, si asubuhi. Kufika jioni muguu umevimba kidogo. Boti inayofaa asubuhi inaweza kufinya saa tisa. Jaribu na sosete ile ile ya kazi, miguu yote mbili, umesimama. Mbele ya kidole kirefu kubaki nafasi ya upana wa kidole-gumba. Tena, kidole kirefu kwa wengine si kile kikubwa, ni cha pili yake. Boti yenye chuma mbele ichunge zaidi: ngozi inaweza kulegea na siku, chuma hakilegei hata siku moja. Kama vidole vinagusa chuma leo, vitagusa mwaka kesho.

Ukiipata mupya, ivae nyumbani masaa machache kila siku mbele ya kuishukisha kazini. Jirani watacheka. Waache wacheke, sisi tumekwisha kuchekewa na hatukufa. Kama kazi inakubali, badilisha: leo mupya, kesho ya zamani, kama ile ya zamani bado nzima.

Sosete iwe kavu. Lengelenge linazaliwa vile: ngozi ya juu inashikwa na sosete na boti, mufupa wa ndani unaendelea kutembea, ngozi ya juu na ya chini zinaachana, na maji yanaingia katikati. Ngozi yenye kulowana inaachana haraka zaidi. Ndani ya boti za mpira, ambamo jasho halina mulango wa kutokea, beba sosete ya pili na ubadilishe katikati ya poste. Wamama wanaofunga chakula cha baba wanaweza kuitia pembeni, ndani ya mufuko wake.

Lengelenge likikwisha kutoka, usilipasue kwa sindano ya kushonea ao kwa jino. Ile ngozi ya juu ni kifuniko kizuri kupita vyote. Likipasuka lenyewe, lioshe kwa maji safi na sabuni, lifunike na kitambaa safi. Ukiona nyekundu inapanda, joto, usaha, ao muguu unavimba, kwenda dispanseri siku ile ile. Na mwenye ugonjwa wa sukari asingojee hata maumivu, juu miguu yake inaweza kuumia bila kumuambia. Aangalie miguu kila mangaribi, ao mutoto amuangalilie.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaosimama mbele ya dirisha la magazini. Boti isiyokuwa namba yako, irudishe siku ile ile, ingali safi, mbele haijaona matope. Usione haya. Usiseme "nitazoea tu." Muguu unazoea kiatu kilicho kikubwa cha kutosha na kigeni kidogo; hauzoei kiatu kilicho kidogo. Ukiambiwa namba yako imekwisha, uliza itafika siku gani, jina lako liandikwe, na shahidi awe kapita wako. Abebe Bikila alikuwa askari, aliletwa Roma kwa jina la Kaisari wake, na bado aliweza kusema: viatu hivi, hapana.